Upendo wa Mungu wa Kujitoa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila darasa la Biblia linapofika msalabani. Mengine huulizwa kwa sauti, mengine mtu huyaleta pembeni wenzake wakishaondoka. Yamepangwa kuanzia mepesi, lakini ukiwa na lako linalokukera, liendee moja kwa moja. Mistari iliyonukuliwa ni ya Biblia ya Kiswahili ya Union Version (1952).

## Misingi

1. Tukisema "upendo wa kujitoa" wa Mungu, tunamaanisha nini?

Tunamaanisha upendo unaojulikana kwa kile ambacho mwenye kupenda amekubali kimgharimu. Kitenzi kinachorudiwa katika Agano Jipya ni "kutoa". Katika Yohana 3:16 Mungu anamtoa Mwanawe. Katika Wagalatia 2:20 Paulo anasema Mwana wa Mungu alimpenda, "akajitoa nafsi yake" kwa ajili yake. Kipawa ni kimoja, na anayekitoa ni Baba na Mwana kwa pamoja.

Angalia nini kimetangulia. Upendo ulikuwapo kwanza, ndipo utoaji ukafuata. Wengi wetu tumelelewa tukiusikia mpangilio huu kinyumenyume: kwamba Mungu alikuwa amekasirika, Yesu akafa, ndipo Mungu akaanza kutupenda. Yohana hakuacha nafasi ya kusoma hivyo: "Hili ndilo pendo, si kwamba sisi tulimpenda Mungu, bali kwamba yeye alitupenda sisi, akamtuma Mwanawe kuwa kipatanisho kwa dhambi zetu" (1 Yohana 4:10). Msalaba ni zao la upendo wa Mungu, haukuwa bei ya kuununua. Nusu ya maswali yaliyo hapa chini huzaliwa pale mpangilio huu unapopinduliwa.

2. Yohana 3:16 inasema Mungu alitupenda "sana" au "jinsi hii"?

"Jinsi hii." Neno la Kigiriki *houtos* lililoko pale kwa kawaida humaanisha "kwa namna hii", na watafsiri wetu walilipatia vizuri. Linatufunga na mistari miwili iliyotangulia, ambapo Yesu anamkumbusha Nikodemo habari ya Musa kumwinua nyoka wa shaba jangwani (Hesabu 21). Watu walioumwa walipona kwa kumtazama nyoka aliyeangikwa juu ya mti. Yohana anasema: hivyo ndivyo Mungu alivyopenda.

Usiliruke pia neno "ulimwengu". Katika Injili hii ulimwengu si jina la upole. Ni ule unaomchukia Yesu na wafuasi wake (Yohana 15:18). Kwa hiyo anayependwa ndiye yule yule anayechukia.

3. Sadaka, dhabihu, fidia, kafara: ni kitu kimoja?

Hapana, na kuyachanganya kunaharibu mahubiri mengi. *Sadaka* ni pana: chochote kinachotolewa kwa Mungu au kwa mhitaji, hata fedha za kapuni. *Dhabihu* ni ya kuchinjwa. Neno lenyewe limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana hiyo. *Fidia* ni malipo ya kumkomboa mtumwa au mateka, na ndilo neno alilolitumia Yesu kuhusu kifo chake katika Marko 10:45.

*Kafara* lina sumu yake. Kwa asili lina undugu na neno la Kiebrania la upatanisho, hivyo halina kosa. Lakini siku hizi tukisikia fulani "ametolewa kafara", tunaelewa kwamba mwenzake amemwangamiza ili yeye apate utajiri, cheo au usalama. Huo ni msalaba uliogeuzwa juu chini. Pale msalabani mwenye nguvu ndiye aliyejitoa kwa ajili ya wanyonge. Mimi hulikwepa neno hili ninapofundisha, nikalirudia tu mtu akiniuliza.

4. Ni kweli kwamba neno la Kigiriki *agape* ni neno maalumu la upendo wa Mungu pekee?

Limehubiriwa hivyo mpaka likawa kama kanuni, lakini Biblia yenyewe haikubali. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale hutumia kitenzi cha *agape* kuhusu Amnoni alivyompenda Tamari (2 Samweli 13:1), na kisa kile kiliishia kwa Amnoni kumbaka. Paulo anatumia kitenzi hicho hicho kwa Dema, aliyemwacha kwa kuupenda ulimwengu huu (2 Timotheo 4:10). Nako katika Yohana, Baba anampenda Mwana kwa *agapao* (kitenzi cha *agape*) katika 3:35 na kwa *phileo* (kitenzi kingine cha kupenda) katika 5:20, bila tofauti yoyote inayoonekana.

Basi uzito hauko katika herufi za Kigiriki. Uko katika habari inayosimuliwa, yaani nani alipenda, alimpenda nani, na ilimgharimu nini.

## Agano la Kale

5. Mungu wa Agano la Kale naye ana upendo huu, au ni wa Yesu tu?

Soma Hosea 11. Mungu anasema kama mzazi aliyemfundisha mtoto kutembea akimshika mikono, kisha mtoto akamkimbia. Hukumu iko tayari, imestahili, na ghafla sauti inavunjika katika mstari wa 8: nikuacheje, Efraimu (yaani Israeli)? Moyo unageuka ndani yake. Hayo yameandikwa zaidi ya miaka 700 kabla ya Kristo. Neno la Kiebrania *hesedi*, ambalo Biblia yetu mara nyingi huliita "fadhili", linabeba upendo wa aina hii, wa yule asiyevunja agano hata mwenzake akilivunja.

6. Kwa nini lazima damu?

Jibu limo katika Walawi 17:11, na kuna maneno ambayo wasomaji hupita juu yake: "nami nimewapa ninyi hiyo damu juu ya madhabahu." Mtoaji wa kwanza ni Mungu. Katika dini nyingi za kale mwanadamu aliwalisha miungu ili wamtendee mema. Zaburi 50 inalicheka wazo hilo: Mungu anasema kwamba hata angekuwa na njaa asingekuambia wewe. Damu ni uhai, uhai ni wake, naye anauweka madhabahuni ili mkosaji apate njia ya kurudi.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana: maskini asiyeweza kununua hata hua wawili aliruhusiwa kuleta unga kuwa sadaka ya dhambi (Walawi 5:11). Ndiyo maana Waebrania 9:22 inasema "karibu" vitu vyote husafishwa kwa damu. Mwandishi wa waraka ule aliijua Torati kuliko wengi wanaomnukuu. Na ni yeye huyo asemaye kwamba damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi (10:4). Wanyama wale walikuwa kivuli tu.

7. Mungu mwenye upendo anawezaje kumwagiza Ibrahimu amchinje mwanawe?

Hili ni gumu, na sitalifanya liwe jepesi. Yapo mambo matatu ya kushika unaposoma Mwanzo 22. La kwanza, msimulizi anakwambia tangu mstari wa 1 kwamba ni jaribu. Wewe msomaji unajua, Ibrahimu hajui. La pili, hadithi inaishia na kondoo dume aliyenaswa kichakani na mahali panapoitwa "Yehova-yire", yaani Bwana atatoa. Baadaye kuwachoma watoto kuwa dhabihu kunakatazwa kwa ukali, na katika Yeremia 7:31 Mungu anasema jambo hilo halikuingia hata moyoni mwake. Mika 6:7 naye anauliza kama amtoe mzaliwa wake wa kwanza, na jibu la mstari unaofuata ni kutenda haki, kupenda rehema na kwenda kwa unyenyekevu.

La tatu ndilo linalotuhusu zaidi. Neno "kupenda" linaonekana kwa mara ya kwanza katika Biblia ya Kiebrania papo hapo, Mwanzo 22:2: "mwanao, mwana wako wa pekee, umpendaye". Upendo wa kwanza kutajwa ni wa baba kwa mwana anayetakiwa kutolewa. Paulo aliisikia sauti hiyo. Anapoandika katika Warumi 8:32 kwamba Mungu "asiyemwachilia Mwana wake mwenyewe, bali alimtoa kwa ajili yetu sisi sote", anatumia kitenzi kile kile ambacho Biblia ya Kigiriki inatumia kwa Ibrahimu katika Mwanzo 22:12. Kule Moria, alikopelekwa Ibrahimu, mkono ulizuiwa. Na kwa mujibu wa 2 Nyakati 3:1, Moria ndipo Sulemani alipojenga hekalu, katika Yerusalemu, mji ambao Yesu alisulubiwa nje ya lango lake.

8. Isaya 53 inasema Bwana "aliridhika kumchubua". Je, alifurahia mateso yake?

Hapana. Kiebrania kinazungumzia mapenzi au kusudi, hakizungumzii raha ya kumwona mtu akiumia. Zaidi ya hapo, soma mstari wa 4 polepole: "tulimdhania ya kuwa amepigwa, amepigwa na Mungu". *Tulimdhania*. Watazamaji walifikiri ni mkosaji anayelipwa haki yake, kumbe masikitiko aliyoyabeba ni yao.

## Msalaba

9. Kwa nini Mungu asisamehe tu, bila mtu kufa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi huulizwa na watu waungwana wanaosamehe wenzao kila siku.

Tuanze na mfano wa Yesu mwenyewe, Mathayo 18. Mtumwa anadaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ni ujira wa kibarua kwa siku moja (Mathayo 20:2). Hizo ni siku za kazi milioni 60. Mfalme anamsamehe. Sasa uliza: fedha zile zimekwenda wapi? Hazikuyeyuka hewani. Hazina ya mfalme imepungukiwa kwa kiasi kile kile. Anayesamehe deni ndiye anayelibeba. Ndivyo ilivyo hata kwetu: ukimsamehe aliyekuchafulia jina, jina linabaki limechafuka, na wewe ndiwe unayeishi nalo bila kulipiza. Kwa hiyo "kusamehe tu" hakupo. Kila msamaha wa kweli una anayeumia, na katika msalaba aliyeumia ni aliyekosewa.

Mtu atasema: mbona katika Luka 15 baba wa mwana mpotevu hakudai dhabihu? Ni kweli, hakudai. Lakini mali iliyotapanywa ilikuwa yake, na mzee wa heshima aliyepandisha joho lake akakimbia njiani alijivika aibu mbele ya kijiji kizima. Nisingependa kuukamua mfano huu zaidi ya hapo. Yesu aliutoa kujibu manung'uniko ya Mafarisayo, hakuwa akieleza kila kitu kuhusu kifo chake.

10. Je, si ukatili Baba kumtesa Mwana asiye na hatia?

Ingekuwa ukatili kama pangekuwa na watu watatu: Mungu mwenye hasira, mwanadamu mwenye kosa, na Yesu wa watu aliyekamatwa njiani. Maandiko hayasimulii hivyo. Paulo anasema "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake" (2 Wakorintho 5:19). Na Yesu anasema kuhusu uhai wake: "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe" (Yohana 10:18). Ukiuondoa Utatu, msalaba unageuka kuwa dhuluma, na anayelalamika ana haki ya kulalamika. Vielelezo vingi vya mimbarini, kama kile cha baba anayemwacha mwanawe akanyagwe na treni ili abiria wapone, huanguka hapa hapa, kwa sababu mtoto yule hakuulizwa.

Waliomsulubisha hasa ni askari wa Pontio Pilato, liwali wa Kirumi aliyetawala Uyahudi kati ya mwaka 26 na 36. Petro anayashika yote mawili katika sentensi moja: shauri la Mungu, na mikono ya watu wabaya (Matendo 2:23). Uovu wao haukugeuka kuwa wema kwa sababu Mungu aliutumia.

11. "Mungu wangu, mbona umeniacha?" Baba alimwacha kweli?

Maneno hayo (Marko 15:34, kwa Kiaramu) ni mstari wa kwanza wa Zaburi 22, na zaburi ile inafika mahali pa kusema kwamba Mungu hakumficha mteswa uso wake (mstari wa 24). Wapo wanaosema basi Yesu alikuwa akiianza zaburi nzima moyoni. Wapo wanaosema aliachwa kweli, akabeba umbali wetu na Mungu. Kwangu mimi, kosa kubwa ni kuharakisha. Marko ameyaacha maneno yale yaning'inie bila jibu, na msomaji ameachwa ayasikie hivyo. Hata hivyo aliyeachwa bado anasema "Mungu *wangu*". Na katika Luka neno lake la mwisho linaanza na "Baba".

12. Alijua atafufuka siku ya tatu. Hiyo ni dhabihu gani?

Biblia hailifichi jambo hilo. Waebrania 12:2 inasema aliustahimili msalaba "kwa ajili ya furaha iliyowekwa mbele yake". Lakini kujua mwisho hakuondoi uchungu wa katikati. Anayezaa anajua mtoto anakuja, na bado analia. Yesu mwenyewe alitumia picha hiyo usiku wa mwisho (Yohana 16:21). Kule Getsemane aliomba kikombe kiondolewe huku akijua yote.

Tena, kujitoa kwake hakukuanza Ijumaa. Wafilipi 2 inaanzia mbali, kwa aliyekuwa na namna ya Mungu akatwaa namna ya mtumwa. Wala ufufuo haukufuta alama. Tomaso alionyeshwa makovu, na katika Ufunuo 5:6 Mwana-Kondoo aliye mbele ya kiti cha enzi bado anaonekana kama aliyechinjwa.

13. Mbona makanisa yanaeleza msalaba kwa namna tofauti?

Kwa sababu hakuna mtaguso mkuu (baraza la maaskofu) wa kale uliochagua maelezo mamoja. Imani ya Nikea inakiri kwamba alisulubiwa kwa ajili yetu, ikaishia hapo. Mababa wengi wa kwanza walisisitiza ushindi juu ya kifo na shetani, na Wakristo wa Mashariki bado wanaimba hivyo kila Pasaka. Anselm wa Canterbury (1033–1109) alizungumzia heshima ya Mungu na deni lisilolipika na mwanadamu. Peter Abelard (1079–1142) alisisitiza jinsi upendo ule unavyowasha upendo ndani yetu. Wanamageuzi wa karne ya 16, Calvin akiwamo, waliweka mbele adhabu iliyobebwa kwa niaba yetu. Maandiko yana picha za mahakama, soko la watumwa, hekalu na vita. Anayeng'ang'ania moja na kuzitupa nyingine amejipunja.

14. Baba naye aliumia?

Katika karne ya 3 walikuwapo waliofundisha kwamba Baba ndiye aliyesulubiwa, kwa kuwa Baba na Mwana ni mmoja tu mwenye majina mawili. Kanisa lilikataa. Tangu hapo mapokeo makuu yamesema Mungu katika uungu wake hatikiswi na mateso, na Mwana aliteseka katika ubinadamu alioutwaa. Karne ya 20 mwanateolojia Mjerumani Jürgen Moltmann, aliyekuwa mfungwa wa vita, alipinga kwa nguvu: Mwana anakufa, naye Baba anafiwa. Mjadala haujafungwa. Ukisoma Hosea 11 (swali la 5) utaelewa kwa nini.

15. Alikufa kwa ajili ya watu wote au wateule (waliochaguliwa na Mungu) tu?

Sinodi ya Dort (1618–1619), mkutano wa makanisa ya Kireformed huko Uholanzi, ilifundisha kwamba kifo chake kinatosha kwa wote, ila kinawaokoa kwa hakika wateule. Wengine wanasimama juu ya 1 Yohana 2:2, "bali na kwa dhambi za ulimwengu wote". Sikushawishi upande. Ila wote wawili humhubiria kila mtu bila kumwuliza kwanza kama ameteuliwa.

## Sisi nasi

16. Lazima nijirekebishe kwanza ndipo nipendwe?

Hapana. Warumi 5:8: "tulipokuwa tungali wenye dhambi". Rudi swali la 1.

17. Ninapigwa nyumbani, nikaambiwa nivumilie kama Yesu alivyovumilia. Ni sawa?

Si sawa. Yesu aliutoa uhai wake mwenyewe, hakuna aliyemwondolea (swali la 10). Kabla saa yake haijafika alijiepusha na wauaji zaidi ya mara moja: Nazareti walipotaka kumtupa kutoka ukingo wa mlima akapita katikati yao (Luka 4:29–30), na hekaluni walipookota mawe akatoka (Yohana 8:59). Paulo aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu akaokoa maisha yake. Hakuna aliyewaita waoga.

Tena angalia agizo la kujitoa limewekwa juu ya nani katika Waefeso 5:25. Ni mume anayeambiwa apende kama Kristo aliyejitoa. Anayepiga kisha akadai mwenzake avumilie ameugeuza mstari huo kuwa fimbo. Ondoka mahali pa hatari, mwambie mtu unayemwamini, tafuta msaada wa sheria. Kusamehe kuna wakati wake, na hakukulazimishi kurudi chini ya mkono ule ule.

18. Paulo anasema anatimiliza "yale yaliyopungua" ya mateso ya Kristo. Kwani msalaba ulipungukiwa?

Wakolosai 1:24 ni msumari kweli. Lakini waraka huo huo, mistari michache nyuma (1:20), unasema amani imekwisha kufanywa kwa damu ya msalaba. Kinachobaki ni taabu ya kuifikisha habari hiyo kwa watu, na hiyo ilimfikia Paulo kama vifungo na mapigo.

19. Mimi sitasulubiwa. Upendo huu unanidai nini?

Watu hukariri 1 Yohana 3:16, kwamba imetupasa kuutoa uhai wetu kwa ajili ya ndugu, wakajiona wako tayari kufa. Yohana aliwajua. Mstari wa 17 unashuka ghafla kutoka kwenye kufa mpaka kwenye riziki: una mali, unamwona ndugu yako ni mhitaji, unamzuilia huruma yako. Je, upendo wa Mungu unakaaje ndani yako? Kufa huenda usiitwe kamwe. Mhitaji umemwona leo.

20. Katika 1 Wakorintho 13:3 Biblia yangu inasema "niungue moto", ya rafiki yangu "nijisifu". Ipi ni sahihi?

Katika Kigiriki maneno hayo mawili yanatofautiana kwa herufi chache sana, na nakala za kale zimegawanyika. Baadhi ya zile za zamani zaidi zina "nijisifu", na wataalamu wengi wa sasa hulipendelea. Ukilichukua hilo, Paulo anamzungumzia mtu aliyeutoa mwili wake huku jicho moja likitazama nani anashangilia. Ukichukua "niungue", ni mtu aliyefika mpaka motoni bila upendo. Kwa vyovyote vile, hesabu ya Paulo ni ile ile: hainifaidii kitu.